Sura ya Tisa: Pamba Kavu

Kiti pekee kilichokuwa wazi katika chumba cha Daktari Phiona kilikuwa kile cha mgonjwa. Inspekta Umulisa, ambaye aliwahi kuruka ukuta wa gereji akimfukuza mtu mwenye panga, alikitazama kile kiti akaamua kwamba ukuta ulikuwa na huruma zaidi.

"Kaa tu, afande. Hakiumi mpaka nikibonyeze."

"Nitasimama, daktari. Leo nimekuja kuuliza, sikuja kufunguliwa mdomo."

Phiona alicheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Kampala, na Kiswahili chake kilitembea kwa tahadhari kama mtu anayevuka mtaro na viatu vipya. Taa kubwa iliyoning'inia juu ya kiti ikakonyeza, ikazimika, ikawaka tena. Phiona akaipiga kofi la ubavuni.

"Fundi aliniahidi atakuja kuitazama," akasema.

"Kwa nini haji?"

"Ni yule mliyemfunga."

Umulisa alifungua mkoba wake. Akatoa barua ya mwendesha mashtaka iliyomruhusu kuuliza habari za wagonjwa wawili. Phiona akaisoma yote, hata muhuri, kisha akafunga mlango.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na ndiyo maana haikumpa Umulisa raha. Katika jengo jipya linalojengwa hapo Kinyinya, nyaya za shaba zilizoviringishwa zilikuwa zimetoweka stoo. Ijumaa jioni zilikuwepo. Usiku mlinzi na mbwa wake walilala mlangoni kabisa. Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mtaa, na asubuhi ya umuganda hakuna ujanja: maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, na kila mwenye mikono anashika jembe kuchimba mtaro au kufyeka majani, mlinzi huyo naye akiwemo. Watu waliporudi kazini mchana, stoo ilikuwa tupu na kufuli halina hata mkwaruzo.

Funguo walikuwa nazo wawili tu: Kagabo, mtunza stoo, na Munyaneza, fundi umeme mkuu. Asubuhi ile wote wawili hawakushika jembe kwenye umuganda, na wote wawili walitoa sababu moja. Jino.

Kagabo alisema alikimbizwa kliniki na pikapu ya binamu yake umuganda ukiendelea. Munyaneza alisema alishinda kitandani kwake, peke yake, akiugulia, mpaka barabara zilipofunguka ndipo akatembea kuja kliniki hiyohiyo. Mkuu wa Umulisa, Afande Kamanzi, alipeleka swali moja kwa Phiona, akarudishiwa majibu mawili: jino la Kagabo bovu, la Munyaneza zima. Kamanzi akafunga jalada la Munyaneza kwa furaha ya mtu aliyepata kiti kwenye basi. Kama jino lilikuwa zima, alibaki nyumbani kufanya nini? Tena mfukoni mwake kulikutwa vipande vya shaba. Umulisa alijaribu kumwambia kwamba fundi umeme asiye na shaba mfukoni ndiye wa kukamatwa, lakini Kamanzi hakuwa na sikio la utani. Alasiri ya siku hii Munyaneza angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko njia ya kurudi nyumbani huwa ndefu.

"Uliandika 'jino zima,'" Umulisa alisema. "Ulijuaje?"

"Eksirei. Haikuonyesha kitu."

"Na eksirei ikikosa kitu, basi kitu hakipo?"

Phiona aliweka barua mezani. Kisha akaenda kwenye kompyuta akaivuta picha ya magego ya Munyaneza, meupe, yamejipanga kama watoto wa shule mstarini.

"Inategemea unatafuta nini," akasema taratibu. "Kama ni shimo kubwa, picha inakamata vizuri. Kama ni shimo dogo, mengine yanaipita. Kama ni ufa..."

"Kama ni ufa?"

"Njoo dirishani." Phiona akafungua kioo cha dirisha nusu. "Ukikitazama hiki kioo kwa ukingo wake unaona mstari. Kikikupa uso unaona nini?"

"Mwanamume anayebishana na dereva wa pikipiki."

"Umeona. Kioo kipo, lakini wewe unaona pikipiki. Ufa wa jino mara nyingi unaipa picha uso. Ukiniletea watu mia wenye ufa, picha itawakamata wachache wa kuhesabu kwa vidole. Waliobaki itasema wazima."

"Kwa hiyo picha yako ikisema mtu ana shimo niiamini, na ikisema hana ufa..."

"Ni kama haijasema kitu. Lakini afande yule aliniuliza zima au bovu. Hakuniuliza lingine."

Umulisa akaegemea ukuta. Hilo alilijua vizuri kutoka kwenye vizuizi vya barabarani. Kizuizi kina dhambi mbili: kumpitisha mwizi, na kumsimamisha mama anayekwenda kwenye msiba. Kila askari huitaja ile anayoipenda.

"Haya. Tuje kwa Kagabo. Lake ni bovu kweli?"

"Bovu mpaka ndani. Shimo unaweza kuegesha baiskeli."

"Na lilikuwa linamuuma?"

"Alisema linamuuma."

"Sikuuliza alisema nini, daktari."

Taa ikakonyeza tena. Safari hii Phiona hakuipiga. "Shimo kama lile," akasema, "linaweza kumtoa mtu machozi. Au jino limeshakufa ndani, halisikii kitu, mtu anakula nalo tu. Picha inaonyesha shimo. Maumivu haiyaonyeshi."

"Kuna cha kuyaonyesha?"

"Kuna kipimo cha baridi. Pamba unaipulizia dawa inakuwa barafu, unaiweka kwenye jino. Jino hai linaruka. Lililokufa linakaa kimya."

"Ulikifanya?"

"Siku ya umuganda nilikuwa peke yangu hapa. Ukishaona shimo kama lile, mkono unaenda wenyewe kwenye dawa. Nikampa vidonge, nikamwambia arudi atibiwe." Akatazama saa ya ukutani, kisha sakafu. "Nimempangia leo. Saa sita."

Umulisa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Daktari, usiihamishe hiyo saa sita kwa lolote."

*

Ng'ambo ya barabara, Swafiya alikuwa akishona suruali ya sare nyuma ya kaunta yenye sukari, sabuni na friji moja iliyokuwa ikiguguma kama mzee anayesali. Alizaliwa Biryogo, katika nyumba ambako Kiswahili kilikula sahani moja na Kinyarwanda, na mtaani Kinyinya wote walimwita Mama Hamza. Kwenye umuganda kazi yake ilikuwa kugawa maji.

"Karibu mwanangu. Umekuja kwa habari za yule mtoto Munyaneza?"

"Nimekuja kwa habari za jino, Mama Hamza."

"Basi ni habari zake. Yule si anamenya waya kwa meno, utafikiri anakula muwa? Nimemwambia, we mwana, Mungu alikupa meno ya nyama na maharage. Anacheka. Anasema plaizi inamchelewesha."

Umulisa akaacha kuchezea kopo la majani ya chai. "Waya mnene?"

"Ule wa ganda gumu. Anauweka huku nyuma, kwenye gego, anauma, anavuta." Swafiya akaonyesha kwa kipande cha uzi, akakitema.

"Na Kagabo? Ulimwona asubuhi ya umuganda?"

"Nani hakumwona? Disi, masikini, tulimhurumia sana." Sindano ikasimama. "Tulikuwa kwenye mtaro pale kona. Ikaja pikapu. Wakuu wa mudugudu, mtaa wetu huu, wakaisimamisha, unajua asubuhi ile gari halipiti bila sababu. Kagabo kalala nyuma juu ya godoro, kitenge kimefunga taya. Mmoja akasema, huyu anatukimbia kazi. Kagabo akasema nileteeni maji basi, mwone wenyewe. Nikamtilia kikombe kutoka friji hii hapa. Yale maji yalipogusa jino, mwanangu, alipiga ukelele mpaka mwenye jembe akaliangusha. Nani angemzuia? Tukafungua njia."

"Alikunywa kwa upande gani?"

"Upande wa kitenge. Huu." Akagusa taya lake la kushoto.

"Na alilala."

"Alilala chali, pwa."

"Mama Hamza, jino likikuuma wewe, unalala kwenye pikapu?"

Swafiya akafikiri, na alipofikiri macho yake yalikuwa makali kama mkasi wake. "Mimi ningekaa mbele na dereva nimwambie aende haraka. Nikilala damu yote si inakwenda kichwani? Jino linapiga ngoma." Akainamia cherehani, asishone. "Ile pikapu nayo ilikaa chini sana kwa mtu mmoja. Nilisema moyoni, Kagabo amenenepa."

Umulisa akatoka nje akampigia Phiona.

"Daktari, jino hai lenye shimo, ukilimwagia maji ya friji?"

"Linakurusha."

"Na lililokufa?"

"Unakunywa tu. Ni maji."

"Kwa hiyo saa sita tutajua Kagabo alilia au aliigiza. Lakini kwanza nakuletea fundi wako wa taa."

Simu ya pili ilikuwa kwa Kamanzi, naye alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho kwake ni dalili mbaya.

"Umulisa. Unataka kumtoa mtuhumiwa mahabusu umpeleke kung'olewa jino."

"Kupimwa, afande."

"Alishapimwa."

"Alipimwa kwa kitu kisichoona ugonjwa wenyewe. Ni kama ningekuuliza kama kuna harufu, wewe ukatazama kwa darubini."

"Jalada linaondoka alasiri," Kamanzi akasema. "Na akitoroka, utapanda wewe kwenye lile gari."

*

Munyaneza aliingia kliniki na koplo mmoja nyuma yake, shavu likiwa limenywea upande mmoja. Alikuwa kijana mrefu mwenye vidole vyenye makovu madogomadogo ya kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama juu.

"Dogota, hiyo taa bado inakonyeza?"

"Inakungoja wewe. Kaa."

Alikaa. Huko mahabusu, alimweleza Umulisa, walikuwa wanapewa mahindi na maharage, na yeye alikuwa ananyonya mchuzi na kumwachia mwenzake yaliyobaki. "Sasa yule iko nanenepa kwa jina langu."

"Maumivu yanakuja lini?" Phiona akauliza. Umulisa aliona kwamba safari hii swali lilitangulia mashine.

"Nikitafuna. Lakini si kila mara. Saa zingine nauma mkate iko sawa, saa zingine kama stima inanipiga. Mimi najua stima, dogota. Hii ni stima."

"Linapouma hasa ni unapofunga mdomo au unapofungua?"

Munyaneza akakunja uso. "Hakuna mtu aliniuliza hiyo. Sijui. Linaniuma tu, ninaruka."

Phiona akachukua kijiti cha plastiki chenye ncha bapa, akamfunika macho kwa miwani myeusi. Akamvuta Umulisa pembeni akamnong'oneza, "Hiki nakiweka kwenye kona moja ya jino, kisha nyingine. Anayejifanya huwa analia anapouma, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyodhani. Ufa unauma ukiachia, pale vipande viwili vinaporudiana. Nitaanza na magego mazima, simwambii lipi ni lipi."

"Na mzima hawezi kulia akiachia?"

"Wapo wachache. Ndiyo maana sitaishia hapa."

Uma, achia. Kimya. Uma, achia. Kimya. Phiona akahama kutoka gego hadi gego, upande wa kulia wote, kisha kushoto, bila kusema neno. Koplo alikuwa ameanza kupiga miayo.

"Uma."

Munyaneza akauma kwa nguvu, mpaka misuli ya taya ikasimama. Hakuna kitu.

"Achia."

Mwili wote ukaruka kwenye kiti, goti likagonga trei, vyuma vikaimba sakafuni. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, ya mtu aliyekanyaga msumari gizani na hataki kuamsha watoto.

Phiona akamsubiri atulie. Akazunguka tena kwenye mengine, akarudi kimyakimya kwenye kona ileile. Akaruka tena, na safari hii pia ilikuwa wakati wa kuachia. Ndipo Phiona akachukua taa nyembamba kama kalamu, akazima ile kubwa, akamulika gego kutoka ubavuni. Umulisa akasahau kwamba anaogopa vyumba hivi. Akainama mpaka paji la uso likagusana na la daktari. Nusu ya jino iliwaka kama karai la mkaa. Nusu ya pili ilikuwa giza, na katikati mwanga ulikatika ghafla, mstari mmoja, umenyooka.

"Mwanga umefika kwenye ufa ukashindwa kuvuka," Phiona alisema. "Kijiti peke yake kinaweza kunidanganya. Taa peke yake pia. Vyote viwili, mahali pamoja, kwa mtu anayeumia namna hii..." Akamvua Munyaneza miwani. "Nisamehe. Niliandika jino zima. Nilipaswa kuandika sijaona kitu."

Munyaneza aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Machozi yalikuwa yamemtoka, labda ya jino. "Kwa hiyo iko kweli naumwa," akasema, kama mtu aliyekuwa ameanza kuamini kinyume chake.

"Unaumwa kweli, sha, mdogo wangu," Umulisa akamwambia.

Phiona alimpiga ganzi na kulifunga lile gego kwa pete ya chuma, kuzuia ufa usiendelee kufunguka. Kisha wakamhamishia nyuma ya pazia, kwenye kochi dogo, koplo akakaa naye. Umulisa naye akakaa nyuma ya pazia, miguu ndani, pua nje. Hakujidanganya. Jino lilithibitisha kwamba Munyaneza aliumwa. Nani alibeba nyaya lilikuwa swali jingine.

*

Kagabo alifika na shati lililopigwa pasi, akamwamkia daktari kwa heshima zote, akauliza habari za mama yake huko Kampala. Ndiye mtu ambaye kila jengo linamtaka stoo: mpole, msafi, anajua kila skrubu inakolala.

"Bado linakusumbua?" Phiona aliuliza.

"Limepoa kidogo, dogota. Vidonge vyako vizuri."

"Nitalipima kabla sijaligusa. Nilipaswa kufanya hivyo siku ile. Ukisikia kitu, inua mkono."

Nyuma ya pazia Umulisa alisikia mvumo wa dawa ya baridi, kisha akachungulia. Phiona alianza na gego zima la kulia. Mkono wa Kagabo ukapaa mara moja. La kushoto lililo jirani na bovu: mkono ukapaa. Kisha pamba, nyeupe ya barafu, ikatua juu ya lile lenye shimo.

Kagabo alikuwa akitazama dari, mkono juu ya tumbo. Phiona aliiacha pale. Akaipulizia nyingine, akaiweka ubavuni. Akabadilisha, akaiweka upande wa ulimi.

"Utaanza sasa hivi?" Kagabo akauliza alipopata nafasi.

"Nimekwisha anza," Phiona alisema.

Hapo Umulisa akavuta pazia kidogo, akatokea kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Muraho, Kagabo. Usiinuke. Nilikuwa napita."

Kagabo akamjua. Rangi ya uso haikubadilika, lakini mkono ulihama kutoka tumboni kwenda kwenye mkono wa kiti.

"Nimetoka kwa Mama Hamza," Umulisa aliendelea. "Anakusalimu. Bado wanazungumzia ule ukelele wako. Anasema maji yake ya friji hayajawahi kumfanya mtu vile."

"Yaliniuma sana, afande. Mpaka leo nikigusa baridi naona nyota."

"Pole. Daktari, mpime tena hilo la baridi, nami nijifunze."

Phiona alimtazama Umulisa sekunde moja. Kisha akachukua kwa kibano pamba mpya kutoka kwenye kopo, akageuka mgongo, akapuliza dawa kando, hewani, ikalia pssss. Pamba ilibaki kavu na vuguvugu kama ilivyotoka kopo. Akaiweka juu ya shimo.

Kagabo akapiga ukelele. Ulikuwa ukelele mzuri, wenye mwanzo, katikati na mwisho. Hata koplo nyuma ya pazia alisimama. Akashika taya, akajikunja, akatikisa miguu.

Walimwacha amalize.

"Ile ya kwanza ilikuwa barafu," Phiona alisema kwa upole. "Mara tatu, Kagabo. Hukusikia kitu. Hii haina baridi. Ishike."

Akaiweka ile pamba kiganjani mwake. Kagabo aliitazama muda mrefu, akaibonyeza, kana kwamba baridi ingeweza kuwa imejificha ndani.

"Jino limekufa zamani," Phiona akamwambia Umulisa. "Lakini nikwambie ukweli, hiki kipimo nacho kinakosea. Gego lina mizizi kadhaa, mmoja unaweza kubaki hai na pamba isiufikie. Mahakamani nitasema linaelekea kuwa limekufa. Sitasema naapa."

"Na mimi simkamati mtu kwa jino lake," Umulisa alisema. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kiti, chini kidogo ya uso wa Kagabo. "Lakini pamba kavu si kipimo cha daktari, ni changu. Hiyo haina mizizi. Kagabo, chini ya godoro kulikuwa na nini?"

"Godoro lilikuwa la kulalia tu."

"Jino huwa haliumi miguu. Kwa nini hukukaa mbele?"

Kagabo akashusha macho kwenye pamba.

"Pikapu ilikaa chini kama imebeba harusi. Mama Hamza alidhani umenenepa. Nikuangalie sasa, wewe ni mwembamba kuliko mimi."

Kagabo aliigeuza pamba, akaigeuza tena. "Munyaneza bado yuko ndani?" akauliza.

"Alasiri hii anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Huko akikaa, anakaa."

"Nilidhani mtamwuliza mumwachie. Yeye hana kosa, kila mtu anajua hana kosa." Sauti yake ilianza kupoteza pasi. "Mimi sikujua na yeye anaumwa siku ileile. Wallahi sikujua, na mimi si Mwislamu. Nilijua atakuwa kwenye mtaro mbele ya watu wote. Nilichagua umuganda kwa sababu hiyo, asije akasingiziwa."

Kuna wakati mpelelezi mzuri ni yule anayejua kukaa kwenye kigoda.

"Ziko Gahanga," Kagabo alisema. "Kwenye shamba la binamu yangu, nyuma ya nyumba anayojenga, chini ya majani ya migomba. Hatujauza hata mita. Niliposikia amekamatwa, hatukuweza." Akafuta mdomo kwa kile kiganja chenye pamba. "Jana niliamka niende kwenu. Nikafika getini, nikanunua karanga, nikarudi."

Umulisa alimpigia Kamanzi palepale, mbele yao wote.

"Una hakika?" Kamanzi aliuliza.

"Hakika sina, afande. Nina ufa unaoonekana kwa taa, nina mtu aliyelia kwa pamba kavu, na nina majani ya migomba Gahanga. Tuma gari likafunue. Zikiwepo, lile jalada lirudi mezani kwangu."

Gari lilikwenda. Koplo akamfunga Kagabo pingu mkono mmoja kwenye kiti, wakangoja. Phiona alisafisha shimo la Kagabo na kuliwekea dawa, kwa sababu, alivyosema, jino lililokufa halikai kimya milele; siku moja usaha ungekuja, na siku hiyo angelia kweli na hakuna ambaye angemwamini. Kagabo alifungua mdomo, akafumba macho.

Simu ya Kamanzi ilirudi baada ya zaidi ya saa moja. Aliongea maneno machache. Nyaya zote zipo. Kisha, baada ya kukohoa: "Mwambie fundi... mwambie aje achukue mkanda wake na simu."

Umulisa akavuta pazia lote. Munyaneza alikuwa amesimama, nusu ya uso imelala kwa ganzi, nusu iko macho. Alikuwa amesikia kila kitu. Kagabo naye alimwona, akataka kusimama, pingu ya koplo ikamkumbusha. Wanaume wawili waliokuwa na funguo za mlango mmoja walitazamana, na chumbani hakuna aliyejua aanze vipi.

Taa ikakonyeza, ikazimika kabisa.

Munyaneza alishusha pumzi. Bila kuuliza mtu akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi, akapanda kwenye kigoda, akafungua kifuniko cha taa kwa ukucha na sarafu. "Ni waya tu," akasema kwa ulimi mzito wa ganzi. "Umeungua hapa. Nikate, nimenye, nirudishe." Akauvuta ule waya, na mkono, wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ya kazi, ukaupeleka mdomoni.

"Oya, usiume!" alisema Phiona. "Oya," alisema Umulisa. Hata koplo.

Aliyesikika zaidi ya wote alikuwa Kagabo.

"Plaizi iko stoo, rafu ya pili, kushoto," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila asubuhi kazini. "Nilikuwekea mpya. Nilikwambia kila siku, Munyaneza. Kila siku nilikwambia."

Munyaneza akabaki pale juu ya kigoda, waya mkononi. Halafu akashuka, akaziba ule waya kwa kipande cha plasta ya Phiona usije ukamgusa mtu, akaomba ruhusa ya kwenda stoo.